Bakuli la Pili

Tarehe ya kifo hatuijui.
Basi bibi alishika tarehe ya kuondoka:
siku ya kumi na tisa, mwezi wa pili wa kalenda ya zamani,
Khiem alipopita nyuma ya banda la nguruwe, viatu mkononi,
asimwamshe mdogo wake.
Na Luan, miaka saba baadaye, mwezi wa nane,
lori la jeshi lilipompakia mbele ya soko
akiwa bado na unga wa mchele kwenye nyusi.

Mmoja akapigania kaskazini, mmoja kusini.
Tumbo moja.

Vita vilipokwisha, serikali ilimletea bibi cheti cha Khiem,
chekundu, chenye muhuri na nyota, na fremu yake.
Cha Luan hakikuja. Nani angekileta?
Picha yake ya pekee ilikuwa na kofia ya jeshi lililoshindwa;
bibi akaishonea ndani ya mto,
akailalia miaka kumi na mmoja
mpaka alipopita mchoraji mmoja na baiskeli yake,
akamvua kofia kwa brashi,
akamvisha shati jeupe.
"Kola," bibi alimwambia. "Mnyooshee kola.
Huyu hajui kujinyooshea kola."

Nilikulia humo, Quang Tri, katikati ya majaruba
ambamo jembe likigonga chuma, watu wote husimama.
Nilitumwa vijiti, nilitumwa ubani,
nikajifunza kwamba Khiem hali karela
na kwamba Luan hula hata ukoko.
Hali. Hula.
Bibi hakuwahi kuwasemea kwa wakati uliopita.

Mama yangu, kitinda mimba, alichoka.
Aliniambia mara moja tu, akikwangua sufuria:
"Mimi niko hai, na bakuli langu huja la tatu."
Kisha akapakua wali wa kaka zake,
akaushindilia vizuri.

Mwaka juzi wachimba barabara walipata mifupa
chini ya kilima, ndani ya turubai, pamoja na kalamu kavu.
Hakuna beji. Hakuna mkanda. Hakuna upande.
Wakaja kuchukua mate ya bibi kwa kijiti cha pamba;
alikuwa na miaka tisini na sita, mate yenyewe ya kutafuta.
Miezi minane. Barua ikafika:
mifupa hii ni ya mwana wa mama huyu.
Yupi, maabara haisemi.
Waliotoka tumbo moja, mashine yao haiwatengi.

Bwana wa ofisi alifungua fomu.
Kama ni Khiem, makaburi ya mashujaa, bendera, tarumbeta.
Kama ni Luan (akakohoa), basi ni shauri la familia.
Sote tukamtazama bibi.
Bibi akauliza, "Ni mrefu?"
Hakuna aliyejua. Mfupa wa paja haukuwa mzima.
Akasema, "Nileteeni.
Hata mara ya kwanza nilimbeba bila kujua ni nani."

Tulimzika pembeni mwa shamba,
na bibi, miezi miwili baadaye, kando yake.
Jiwe la mwana halina jina lake, lina la mamake:
Mtoto wa Nhan.
Fundi alitaka kuchonga na mwaka. Tukamshika mkono.

Leo ni kumi na tisa, mwezi wa pili.
Nimepika. Karela nimeiacha sokoni.
Mwezi wa nane nitapika tena,
wali nitauacha ushike chini kidogo.
Mmoja karudi, mmoja bado yuko huko nje kwenye umande,
na sijui ni yupi nimwambie karibu,
ni yupi nimwambie pole kwa kukaa.
Kwa hiyo nawaambia yote mawili, wote wawili.

Bakuli la mama yangu, mwaka huu, nimelipakua kwanza.
Amelitazama, mikono mapajani.
Hajaligusa.
Anawasubiri kaka zake.